Maji ya Kiti cha Nyuma

Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari na kuziba. Mwaka ule wa sabini na sita, kila bodi iliyokunjika Kolwezi, mji wetu wa migodi, ilipita mkononi mwangu, na ufa nilioukuta niliuziba kabla mwenye gari hajajua kama anao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba yangu alitoka Kasongo na methali hiyo, msahafu na sufuria moja, na katika urithi mimi nilichukua methali. Kwa hiyo mtu akiniambia gari lililotoka kwangu linavuja, amenitukana mimi, na baba, na Kasongo yote.

Aliyekuja kunitukana alikuwa rafiki yangu Tshimanga. Ni Mluba wa Kasai, karani wa bohari katika kampani ya migodi, mkazi wa Kapata kule kwenye nyumba za kampani zinazofuatana kwa mistari, mtu mpole ambaye akikanyagwa mguu anaomba msamaha yeye. Alifika uwanjani kwangu, mtaa wa Manika, siku ya Jumatatu, saa za kazi, vifungo vya koti lake la abakosti vimepishana juu na chini.

"Tata Abibu," akasema, "Ernestine alienda."

Ernestine ni mke wake, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza.

"Alienda wapi?"

"Kwa mama yake. Mama alikuya kumukamata. Anasema mutoto hawezi kuzaliwa mu nyumba ya mutu mwenye kumwangia mukwe mayi ku kichwa."

Nilimkalisha, mke wangu Hawa akamletea chai, ndipo habari ikatoka. Tshimanga alikuwa na Peugeot 404 aliyoinunua kwa mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na paa la kusukuma, lile la kufungua upepo uingie. Jumapili mvua ilinyesha wakati wa misa, ikakatika, jua likawaka. Tshimanga akaenda kanisani kumchukua mama mkwe wake, Mama Tshiela, aliyekuwa amevaa kikwembe kipya cha kitenge. Mama akakaa nyuma. Ilikuwa lazima akae nyuma, maana kwao mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe. Hamtazami usoni, wala hamsemeshi. Neno likiwapo linapita kwa mtu wa katikati.

Basi gari likaanza kupanda kilima. Mbinguni hakuna hata wingu. Maji yakashuka kutoka darini, bwaa, juu ya kichwa cha Mama Tshiela peke yake. Tshimanga mkavu. Ernestine, kiti cha mbele, mkavu.

"Sasa ulisimamisha motoka?" nikamwuliza.

"Nisimamishe namna gani? Nikisimamisha, nitageuka. Nikigeuka, nitamuangalia. Nilimusikia anapiga kelele, lakini kelele ile haikuwa yangu, hakuna mutu aliniletea. Nikaendelea."

"Ukaendelea."

"Kilima ya pili alipata tena."

Mungu anisamehe, nilicheka. Kisha nikauona uso wake nikaacha. Mama Tshiela alikuwa ametoa hukumu: Ernestine angerudi Kapata siku ambayo yeye mwenyewe angekaa kiti kile kile, gari limwagiwe maji mbele ya watu, naye ashuke mkavu. Siku hiyo isipofika kabla ya mtoto, basi mtoto angezaliwa kwake, angepewa jina na upande wake, na Tshimanga angekuwa anakuja kumsalimia kama mgeni. Kaka yake Ernestine, Ngeleka, ndiye aliyezoea kuwa mtu wao wa katikati, lakini alikuwa mbali, Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi. Kwa hiyo Tshimanga alikuja kwangu kwa mambo mawili: nitafute maji, na nibebe maneno.

Desturi ile mimi niliiona upuuzi mtupu. Watu wazima wawili, hatua nne kati yao, masikio mazima, kisha wanamtafuta Mwislamu wa Kasongo awe redio yao! Lakini rafiki ni rafiki. Jioni tukaenda kwa Mama Tshiela, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Tshimanga akabaki nje ya lupango, yaani ua wa nyumba, nyuma ya uzio wa mabati. Mimi nikasimama mlangoni. Mama alikuwa ameketi anachambua maharagwe, ananitazama machoni bila kupepesa.

"Abibu," akasema, "mwambie mukwe yangu: nilizaa batoto saba. Hakuna hata moja mwenye alinimwangia mayi ku kichwa."

Nikageukia mabati. "Tata Tshimanga, mama anasema mambo ya Jumapili hayakumufurahisha."

"Abibu! Umekata! Nilisema batoto saba!"

"Batoto saba," nikayaambia mabati.

Mabati yakajibu kwa unyonge: "Mwambie mama, ni motoka. Haiko mi."

"Anasema ni motoka, mama."

"Mwambie: motoka haina roho ya kuchagula mutu. Motoka ya kutoboka inalowesha batu bote. Juu ya nini ililowesha paka mi peke yangu? Na mvua ilishakwisha, mayi ilitoka wapi?"

Nilimwambia mimi ni fundi, jibu nitalipata, na yeye akaniambia fundi wa kweli angekuwa amekwisha kulipata. Tukajibizana hapo mpaka maharagwe yakaisha. Nilirudi nyumbani nimekasirika sana, na njiani nikajikuta nikiyarudia maneno yake nikitabasamu.

Kutafuta maji ndani ya gari la zamani ni kazi ya subira, na watu hawana subira. Maji hayaingii pale unapoyaona. Yanaingia mbele, yanatembea chini ya zulia, yanapumzika, yanakuja kutokea nyuma siku nyingine. Kwa hiyo huendi kwa kubahatisha. Niliingiza Peugeot uwanjani kwangu, ambako ardhi inateremka kutoka barabarani mpaka mlangoni pa nyumba, nikatoa viti, nikatoa zulia, nikakausha kila pembe kwa kitambaa. Nikatandika magazeti ya zamani chini. Kisha nikachukua unga wa muhogo wa Hawa, nikaupuliza kando ya vioo, kando ya milango na kuzunguka paa, kwa sababu tone likipita kwenye unga linaacha njia yake, na njia haisemi uongo.

Unaanza kumwaga chini, unapanda juu. Ukianza juu, maji yanashuka kila mahali na hutajua ni yapi yameingia wapi. Tshimanga alikaa ndani na tochi, amejikunja kwenye chuma kitupu, mimi nje na ndoo. Milango: hakuna. Taa za nyuma: hakuna. Kioo cha nyuma: hakuna, nikakiziba hata hivyo. Kioo cha mbele: mpira ulikuwa na mpasuko mdogo pembeni, nikauziba mara mbili. Paa: ndoo nne, nikingoja kati ya moja na nyingine.

"Unaona nini?" nikapiga kelele.

"Naona kuku," Tshimanga akajibu.

Kuku wawili wa Hawa walikuwa wameingia kwa mlango wa nyuma wanakula ushahidi wangu. Tukaanza upya. Siku tatu tulifanya hivyo, kila jioni baada ya kazi yake, na kwa siku tatu ndani ya gari kulikuwa kukavu kuliko nyumbani kwangu. Hawa akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unga yangu inakwisha," akasema, "na mayi haionekane. Labda ule mama eko na haki. Labda ni bwana yake Ernestine."

Niliamua hapo hapo kwamba kosa lilikuwa la mpira wa kioo cha mbele. Sikuwa na sababu yoyote isipokuwa kwamba nilikuwa nimeuziba, na ukishaziba kitu unapenda kuamini ndicho kilichokuwa kinavuja. Nikaenda kwa Mama Tshiela kumwambia aje Jumamosi. Alikuwa na la kusema juu ya mafundi wote wa Manika, mmoja mmoja, na la mwisho lilikuwa langu. Nilibaki kulisikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi watu walijaa. Manika hakuna siri, na mama mkwe kumwagiwa maji kwa hiari yake si kitu cha kukosa. Nilirudisha viti, nikaliosha gari, na ili mambo yawe ya heshima nililigeuza, pua ielekee lango na barabara huko juu, ili Mama akishashinda mtihani apelekwe moja kwa moja Kapata kwa honi. Tshimanga alijificha nyuma ya nyumba.

Mama Tshiela alikuja na kile kile kikwembe cha Jumapili. Ernestine alikuja nyuma yake taratibu, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika furushi lililofungwa tayari. Alinitazama jinsi watu wanavyomtazama daktari. Nilimwonea huruma, na nikajisikia mkubwa. Wakakaa wote wawili nyuma, milango ikafungwa.

Nikamwaga ndoo ya kwanza. Ya pili. Watu wakawa wanahesabu kwa sauti. Mengi yalikuwa yakiteremka pembeni kwenye vioo, na ndani Mama Tshiela ameketi wima, anatazama dari kama mtu anayemngojea mwizi.

"Mama?" nikauliza baada ya ndoo ya tano.

"Kavu."

Ya sita. "Kavu." Ya saba, yote, polepole, katikati ya paa. Mama akashusha kioo kidogo, akanitolea jicho moja.

"Abibu, mwambie mukwe yangu: ni kavu. Atupeleke."

Watu wakapiga makofi. Nikaenda nyuma ya nyumba kumwambia Tshimanga, ingawa alikuwa amesikia kama mtaa mzima ulivyosikia. Akaja macho chini, akaingia, akawasha. Alikuwa na furaha hata mguu ukamtetemeka, na mguu wenye kutetemeka si wa kuachia embreyaji, ile klachi. Peugeot ikaruka mbele kuupanda mteremko. Na dari ikamwaga.

Hayakuwa matone. Niliyasikia kutoka nje, kama mtu anapomwaga beseni la kufulia. Ernestine alipiga ukelele, mota ikazima. Tshimanga alishika usukani kwa mikono miwili, shingo imekakamaa, hageuki. Desturi ni desturi.

Sauti ya Mama Tshiela ilitoka ndani, tulivu, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Abibu."

"Mama."

"Nilikuwa hapa naangalia. Ulipokuwa unamwanga, mayi haikuanguka. Motoka ilipotikisika, ikaanguka. Ile mayi ilikuwa inaikala mule ndani. Fasi ya kuingilia tunaiona. Fasi ya kutokea iko wapi?"

Nilifungua kinywa kumjibu kifundi, maana hilo nalijua. Paa la kusukuma halizuii maji yote. Linakaribisha kidogo kwenye kijifereji kinacholizunguka, na mirija minne iliyofichwa ndani ya bodi inayashusha. Miwili ya mbele inatokea karibu na bawaba za milango. Miwili ya nyuma inatokea chini, nyuma ya magurudumu. Nilitazama chini, nyuma ya magurudumu. Hakuna hata tone lililokuwa likitoka kwenye mirija.

Nikaikumbuka Julai. Kolwezi mwezi wa saba haina mvua, ina vumbi. Malori yanapita njia ya Kapata, na vumbi jekundu linaingia kwenye gari, kwenye nguo, kwenye bukari, ugali wetu, mezani. Mwezi huo mwenye gari hatafuti fundi wa mota, anatafuta fundi wa kuziba. Tshimanga alikuja, nikalala chini ya Peugeot yake na kopo la lami, na kila kitundu ambacho mkono wangu ulikifikia, nilikiziba. Midomo ya mirija ya nyuma ilikuwamo; ya mbele mkono haukuifikia. Siku tatu zile pua ya gari ilikuwa imeelekea chini, nyumbani kwangu, maji yakakimbilia mbele na kutoka salama. Barabarani, kila kilima, yalirudi nyuma. Na nyuma kulikuwa na mtu mmoja tu, ambaye desturi haikumruhusu kukaa pengine.

Nikachukua waya, nikaingia chini ya gari. Lami ilikuwa pale pale, na juu yake alama ya dole gumba langu, wazi kabisa. Nilichokoa. Maji yakanipiga usoni na kuingia kwenye mkono wa shati mpaka kwapani. Kidonge cha lami kikaanguka kifuani.

Chini ya gari huoni watu, unaona miguu. Niliona miguu ya mtaa mzima, na nikafikiri jinsi mtaa mzima utakavyosimulia. Mume wa Hawa, bingwa wa kuziba! Nikatia kidonge mfukoni. Nikatoka.

"Ni uchafu, mama," nikasema. "Majani, na vumbi. Ilifunga kashimo. Nimeshaitosha inje."

"Uchafu ya nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Mwambie mukwe yangu: mutu mwenye hachunge kashimo ya motoka, atachunga mutoto namna gani? Ernestine, shuka."

Ernestine akashuka. Alikuwa analia bila sauti, maji yanamtiririka kwenye nywele, na furushi limelowa. Nikamtazama Tshimanga. Yeye alijua. Julai alikuwepo, alinishikia kopo la lami kwa mkono wake, tukapiga soga. Neno moja tu lingemwokoa, na mtu wa kulibeba nilikuwa mimi. Alinitazama, akaangalia usukani. Hakunituma. Aliona afadhali akose mke kuliko kunifanya nijishitaki kwa mdomo wangu mwenyewe, mpumbavu yule, na mimi nilikuwa tayari kumwachia! Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Mama," nikasema. "Ngoja."

Nikatoa kidonge cha lami mfukoni, nikamwonyesha kwenye kiganja.

"Haiko uchafu. Ni mi. Mwezi ya saba, juu ya vumbi. Nilifunga tushimo tote. Tshimanga hana kosa hata kidogo."

Alikitazama kidonge, akanitazama mimi. Kwenye umati mtu akaanza kucheka, na kicheko kikaenea mpaka barabarani. Hawa alicheka pia, nilimsikia. Mama Tshiela hakucheka. Alishuka garini, kikwembe kimemganda mwilini, akasimama mbele yangu.

"Ni we ulinimwangia mayi."

"Ni mi, mama."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

"Kwetu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "mutu mwenye kumwangia mama mayi ku kichwa ni batu babili tu. Ni mukwe mwenye alikosa, ao ni mulozi, muchawi. Mukwe analipa mbuzi, maneno inakwisha. Mulozi, tunamufukuza mu quartier, mu mutaa. Abibu, we ni nani?"

Sijui mpaka leo kama sheria hiyo ni ya Kasai au aliitunga pale pale. Nilitazama huku na huku. Watu walikuwa wanangoja.

"Mukwe, mama," nikasema.

"Muzuri."

Akamgeukia binti yake. "Ernestine, panda. Wende kwako." Ernestine alipanda haraka kuliko mimba ile ingeweza kuruhusu, safari hii mbele, karibu na mume wake, na Tshimanga akamshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo sijaona akilifanya kabla wala baada.

Nilifurahi. Nikamwendea Mama Tshiela, nikitegemea sasa anitukane kama kawaida yake, kwa kirefu, ili tuwe sawa. Lakini alikuwa amevuta upindo wa kikwembe akaufunika uso, na akanigeuzia mgongo. Nilisimama. Siku zote zile tuligombana macho kwa macho, na sasa nitasema kweli: nilikuwa nimeyapenda magomvi yale. Moyo uliniuma.

"Mama," nikasema, "mbuzi nitaileta kesho."

Aliinama kwenye dirisha la gari.

"Ernestine," akasema, "mwambie mukwe yangu, ule mupya: ni mbuzi dume. Na asiniangalie."

Ernestine alitoa kichwa nje, anacheka na machozi bado hayajakauka.

"Tata Abibu, mama anasema: ni mbuzi dume. Na usimuangalie."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa mama huyo. Niliteremsha macho nikatazama viatu vyangu, nikangoja Ernestine amalize.

"Mwambie mama," nikasema, "nimesikia."